Nani Alilipia Karamu ya Makerere?

Juni 1962, Kampala. Waandishi kutoka pande nyingi za Afrika wamekusanyika Makerere kuongea juu ya fasihi. Chinua Achebe yupo. Wole Soyinka yupo. Christopher Okigbo, Lewis Nkosi na Grace Ogot wapo, na Langston Hughes amevuka bahari kutoka Marekani kuja kusikiliza. Uganda itapata uhuru Oktoba; Kenya itangoja hadi Desemba ya mwaka unaofuata. Kuna mwanafunzi wa hapohapo chuoni anayeitwa James Ngugi. Ana muswada wa riwaya na anatafuta mwanya wa kumwonyesha Achebe. Mwanya anaupata. Mwaka 1964 riwaya yake Weep Not, Child inachapishwa na Heinemann. Huyo James Ngugi ndiye tuliyekuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Ukipenda vitabu, hii ni stori tamu. Ni kama kuona picha ya wazazi wako siku walipokutana. Sasa ongeza kitu kimoja tu. Mkutano ule uliandaliwa na shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, lililoanzishwa Berlin Magharibi mwaka 1950 na kuwa na makao yake Paris. Na pesa za shirika hilo, kwa sehemu kubwa, zilitoka kwa majasusi wa Marekani, CIA.

Huu si udaku wa kijiweni. Gazeti la New York Times liliandika kuhusu uhusiano huo mwaka 1966. Mwaka uliofuata jarida la Ramparts likafukua mengine, kisha afisa wa zamani wa CIA, Thomas Braden, akaandika makala akikiri wazi wazi, tena kwa fahari. Shirika lilelile lilikuwa limelipia mambo mengi: jarida la Encounter kule London, klabu ya Mbari kule Ibadan, kituo cha Chemchemi hapa Nairobi, na jarida la Transition la Kampala, ambalo Rajat Neogy alikuwa amelianzisha mwaka 1961.

Basi swali ni hili, na si swali la historia peke yake. Kama chakula kilikuwa kitamu, na walioalikwa walishiba, na baadhi yao wakaenda kuandika vitabu ambavyo bila karamu ile huenda vingechelewa au visingetoka kabisa, je, inajalisha nani alilipa bili?

Kuna jina la jambo hili. Mwaka 1990 mwanazuoni wa Marekani, Joseph Nye, alianza kuliita kwa Kiingereza jina ambalo sisi tumelitafsiri kuwa nguvu laini. Wazo lenyewe halina ugumu. Nchi ikitaka nchi nyingine ifanye jambo, ina njia tatu. Inaweza kutisha, kwa bunduki na vikwazo. Inaweza kulipa. Ama inaweza kuvutia, mpaka wewe mwenyewe utake kile inachotaka. Hiyo ya tatu ndiyo laini. Nyenzo zake ni nyimbo, filamu, vyuo, lugha, ufadhili wa masomo, sifa nzuri ya namna nchi inavyojiendesha.

Wahenga wetu walikuwa wameshalisema kwa maneno mawili: kizuri chajiuza. Lakini wahenga haohao walisema pia, usione vyaelea, vimeundwa. Ukiziweka methali hizi mbili pamoja unapata tatizo lote la nguvu laini. Kama kizuri kinajiuza, kwa nini serikali ina bajeti ya kukiuza? Na kama kimeundwa ili kinivutie, je, kuvutiwa kwangu bado ni kwangu?

Tusijifanye watakatifu hapa. Mwaka 1415 mji wa Malindi ulimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Mnyama alisafirishwa bahari nzima hadi makao ya Yongle, na kule wakamwona kama qilin, kiumbe wa baraka kutoka hadithi zao. Hakuna aliyempakia twiga jahazini kwa sababu ya upendo mtupu. Mji mdogo wa biashara ulitaka kujulikana na mkubwa. Na karibu miaka 600 baadaye, mkubwa akarudisha salamu: wanaakiolojia wa Uchina wakaja kuchimba pwani yetu pamoja na Wakenya wakitafuta mabaki ya safari za Zheng He, na Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika ikafunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Twiga ameenda, Kichina kimekuja.

Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba hakuna zawadi ya bure. Kila zawadi ina kamba: anayetoa anakufunga, anayepokea anapaswa kurudisha. Mkenya yeyote aliyewahi kuingizwa kwenye grupu ya WhatsApp ya mchango wa harusi anajua hivyo bila kumsoma Mauss. Leo umemchangia, kesho atakuchangia, na usipochanga jina lako litakosekana kwenye ile orodha inayobandikwa kila jioni. Hatusemi kwamba mchango ni uovu kwa sababu una kamba. Kamba ndiyo inayotufanya jamii.

Kwa hivyo ile hoja rahisi ya kwanza, kwamba “walitusaidia kwa faida yao, kwa hiyo msaada wao ni uongo”, haisimami. Ukiifuata mpaka mwisho, hata shangazi yako hajawahi kukupenda.

Tena watu si udongo wa mfinyanzi. Chukua ile safari ya ndege za wanafunzi. Septemba 1959, Wakenya 81 walipanda ndege kwenda vyuo vya Marekani, mpango ambao Tom Mboya aliusukuma pamoja na marafiki zake Wamarekani, akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipokataa kugharamia ndege zilizofuata, Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kennedy na Nixon wote wawili walikuwa wanazitaka kura za Wamarekani weusi, na Washington nzima ilikuwa inaiogopa Moscow, ambayo mwaka huohuo ilifungua chuo cha wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Huku kwetu Oginga Odinga alikuwa anawapeleka vijana wake mashariki. Yaani kijana wa kijijini aliyekuwa anatafuta digrii alikuwa, bila kupenda, kete kwenye bao la wakubwa.

Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai. Alisomea biolojia Kansas, kisha Pittsburgh. Alirudi nyumbani, mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka 1989 akasimama mbele ya serikali iliyokuwa rafiki mkubwa wa nchi za Magharibi, akakataa jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Kama leo unaweza kulala kwenye nyasi za pale katikati ya jiji, unamdai shukrani yeye. Sasa niambie, yule aliyelipia tiketi yake ya ndege mwaka 1960 alikuwa amepanga hilo? Hapana. Nia ya mtoaji ni ya mtoaji. Anachokifanya mpokeaji ni cha mpokeaji.

Vivyo hivyo kwa Ngũgĩ. Kijana aliyekaribishwa kwenye meza ya Kiingereza ndiye baadaye aliyegeuka kuwa mpinzani mkubwa kabisa wa meza hiyo. Desemba 1977 alifungwa bila kushtakiwa, baada ya mchezo wa kuigiza kwa Kigĩkũyũ aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ. Akiwa Kamĩtĩ aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za msalani. Kama CIA ilikuwa inanunua mwandishi, ilipata hasara kubwa.

Basi tufunge hesabu hapo, tuseme sadaka ni sadaka, tuendelee kula? Haraka hiyo nayo ina makosa yake. Yapo mambo mawili kuhusu karamu ya Makerere ambayo matunda mazuri hayawezi kuyafuta.

La kwanza ni siri. Kuna tofauti kati ya Alliance Française na Congress for Cultural Freedom, na tofauti hiyo si kwamba mmoja ana nia na mwingine hana. Wote wana nia. Ukiingia Alliance Française pale katikati ya Nairobi kusikiliza bendi, jina la nchi limeandikwa mlangoni. Unajua Ufaransa inataka uipende. Unaweza kufurahia muziki, ukanywa soda yako, ukaenda nyumbani ukiendelea kuipinga sera ya Ufaransa Afrika Magharibi. Nia iko mezani, na wewe una akili yako. British Council ni hivyohivyo, Goethe-Institut ni hivyohivyo, na ile Taasisi ya Confucius pia.

Lakini waandishi wengi wa mwaka 1962 hawakupewa nafasi hiyo. Waliambiwa hili ni shirika la wapenda uhuru wa utamaduni. Waliamua kuja kwa kuangalia jambo moja, kumbe jambo lilikuwa lingine. Ukimficha mtu habari ambayo ingebadilisha uamuzi wake, hujamvutia. Umemwongoza kama mbuzi anayefuata majani. Immanuel Kant angesema umemtumia kama chombo tu. Nyanya yangu angesema umemchezea shere. Nye mwenyewe, aliyelipa jambo hili jina, alikubali kwamba kuzipinda akili za watu si lazima kuwe bora kuliko kuwapinda mikono. Neno “laini” linaeleza namna nguvu inavyogusa. Halisemi kama ni halali.

Na gharama ya siri hiyo haikulipwa na CIA. Ililipwa na walioalikwa. Siri ilipotoka, mhariri wa Encounter, mshairi Stephen Spender, alijiuzulu. Kwa Neogy mambo yalikuwa mazito zaidi. Alishasema hakujua pesa zilitoka wapi, lakini jarida lake lilikuwa limeshapakwa tope. Mwaka 1968 serikali ya Obote ilimtia ndani kwa sababu Transition ilikuwa imechapisha maoni ya kuikosoa katiba ya Uganda. Kosa lake lilikuwa kuchapisha ukweli, ila sasa yeyote aliyetaka kumwita kibaraka wa mabeberu alikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Julai 2024, vijana walipokuwa wameshajaza barabara kukataa Mswada wa Fedha, Rais Ruto alilitaja shirika la Ford Foundation akiwa Nakuru, akidai linafadhili vurugu. Ford Foundation ilikanusha. Lakini tazama jinsi shtaka lile lilivyo jepesi kutupa. Halihitaji ushahidi, linahitaji kumbukumbu tu ya kwamba zamani iliwahi kutokea. Kila serikali inayotaka kuwaambia vijana wake kwamba hawana kichwa chao wenyewe, kwamba hasira yao imeletwa kwa waya wa benki kutoka ng'ambo, bado inatafuna riba ya uongo ule wa miaka ya sitini. Aliyedanganya alifikiri anautetea uhuru. Kumbe aliwapa watawala wa baadaye rungu la kuupigia.

La pili ni nani hakualikwa. Mkutano wa Makerere ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ndivyo jina lake lilivyosema. Ngũgĩ alikuja kuliandika jambo hili mwaka 1986 katika Decolonising the Mind: yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili za Kiingereza zilizochapishwa, alistahili kuingia. Shaaban Robert, mwenye vitabu na mashairi lukuki ya Kiswahili, hakustahili. Alikuwa karibu tu, hapo Tanganyika. Alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Sidai kwamba kuna jasusi aliyekaa ofisini akaandika “Kiswahili kisiingie”. Haikuhitajika. Mwenye pesa akichagua lugha ya mkutano, amechagua pia ni nani mwandishi na ni nani msanii wa kienyeji. Baada ya hapo mambo yanajiendea: mchapishaji yuko kwenye mkutano, kwa hivyo muswada unaopata mchapishaji ni wa lugha ya mkutano, kitabu kinachochapishwa ndicho kinachoingia silabasi, na kilicho kwenye silabasi ndicho mtoto anachojua kuwa ni fasihi. Miaka 60 baadaye unakutana na msee wa Nairobi aliyesoma Achebe wote na hawezi kukutajia kitabu kimoja cha Shaaban Robert nje ya vile alivyolazimishwa shuleni. Hajashurutishwa na yeyote. Ladha yake ni yake. Ila ladha hiyo imekuzwa.

Hapa ndipo nguvu laini inapofanya kazi yake ya ndani kabisa, na hapa kukosa siri hakutoshi kuisafisha. Hata bila uongo wowote, aliye na mfuko mzito anaamua meza ipi iandaliwe. Dawa yake haiwezi kuwa kukataa kila mwaliko. Dawa ni kuwa na meza zetu. Ndiyo maana gazeti dogo linaloandikwa kwa Kiswahili, linalolipa waandishi wake hata kidogo kwa pesa za wasomaji, ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Kuna upande mmoja zaidi, na huu tuliuona juzi tu. Januari 2025, siku ileile alipoapishwa, Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Kenya ilihisi haraka. Mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003, ndio uliokuwa umebeba sehemu kubwa ya mzigo wa dawa za virusi vya ukimwi hapa. Wahudumu wa afya walirudishwa nyumbani. Watu walioishi miaka mingi kwa kidonge kimoja kila siku wakaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa.

Sikiliza namna watetezi wa misaada walivyoitetea kule Washington. Wengi walisema: tusiache, manake tukiondoka Uchina itaingia, misaada hii inatununulia marafiki. Ni hoja ya nguvu laini, na walioitoa walikuwa na nia njema. Lakini angalia inakotupeleka. Kama sababu ya mimi kukupa dawa ni kwamba unanipenda kwa ajili yake, basi siku nitakapoona upendo wako haunifai, sababu ya dawa imekwisha. Maisha ya mgonjwa yamefungwa kwenye hesabu ambayo mgonjwa hayumo. Hoja inayookoa msaada leo ndiyo inayoruhusu kuukata kesho. Ndiyo maana kutoa ni moyo, si utajiri, kama tusemavyo: moyo una sababu ambayo haiishi bajeti ikibadilika.

Najua mtu atauliza, kwani serikali ina moyo? Pengine haina. Ila ina sheria na mikataba. Kwa vitu ambavyo mtu akivikosa anakufa, tunapaswa kuomba jambo gumu kuliko upole wa wakubwa: ahadi inayoweza kudaiwa, na kabla ya hiyo, bajeti yetu wenyewe isiyoliwa njiani. Bendi ya Kifaransa ikiacha kuja, tutapiga muziki wetu. Kidonge hakina mbadala wa aina hiyo. Nguvu laini inavumilika pale tu unapoweza kusema hapana na bado ukaamka kesho.

Na sisi je? Kenya nayo inataka kupendwa. Tuna Eliud Kipchoge aliyekimbia Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40. Tuna Kiswahili, ambacho UNESCO ilikitengea siku yake, Julai 7. Tuna nyika na fukwe. Mei 2024 rais wetu alitandikiwa zulia jekundu Washington, na Juni 24 Marekani ikaitangaza rasmi Kenya kuwa mshirika wake mkuu nje ya NATO. Kesho yake, Juni 25, polisi wa kwanza wa Kenya walitua Haiti kwenda kuleta usalama. Siku hiyohiyo, hapa Nairobi, polisi waliwapiga risasi vijana nje ya Bunge.

Weka matukio hayo matatu kwenye meza moja uyaangalie. Ofisa anayehusika na sura ya nchi angesema kuna tatizo la taswira. Hapana. Taswira ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo tatizo. Nchi ilikuwa imejifunza kupendwa na watu wa mbali kabla ya kujifunza kuwaheshimu wanaolala ndani ya nyumba. Picha za siku ile zilipozunguka dunia, hakuna wimbo wala mwanariadha aliyeweza kuzifunika. Kizuri chajiuza, na methali ina nusu ya pili tunayopenda kuiruka: kibaya chajitembeza.

Kwa hivyo utakapopata mwaliko, na ukiwa kijana wa jiji hili mwenye kipaji utaupata, uwe wa fellowship, wa warsha ya uandishi, au wa wiki mbili Beijing, Berlin, Seoul au Washington, nenda. Kula vizuri. Wangari alikwenda, Ngũgĩ alikaa mezani. Lakini kabla ya kuketi uliza bila aibu nani analipa, uone kama watakujibu. Tazama viti, uone ni nani wa kwenu ambaye hakuitwa na lugha gani haisikiki. Na ujiulize kama ungeweza kukataa.

Ukirudi, mwambie Shaaban Robert yaliyosemwa. Vitabu vyake bado viko madukani, na hakuna ubalozi unaovilipia.